Begi na vifaa vya kuwinda muusi porini Alaska: someni kabla hamjapanda ndege

#1 Mgumu Mstaafu

Wakuu salama? Kuna mdau kule kwenye uzi wa Wabongo wa Alaska kaniuliza anunue begi gani maana Septemba wanapanda ndege ya maji kwenda kuwinda muusi, nikaanza kumjibu nikaona jibu linakuwa refu kuliko risala ya harusi, nikasema bora nifungue uzi kabisa. Mtanisamehe naandika bila mpangilio, niko zamu ya usiku.

Kwa wasiomjua, muusi ni mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu, pua imening'inia kama ndizi mzuzu, na dume lina mapembe mapana kama masinia mawili ya pilau. Jina lake la Kiswahili silijui sababu kwetu hayupo, sisi huku tunasema muusi tu yaishe. Huyu wa Alaska ndo mkubwa kuliko wote duniani, dume likikomaa linaweza kufika ratili 1,600, hiyo ni kilo 725, yani mbogo aliyepewa miguu ya twiga. Idara ya samaki na wanyama ya jimbo inasema dume la saizi hiyo ukilichuna ukaondoa mifupa unapata nyama kama ratili 500, kilo 225 hivi. Shikeni hiyo namba, mengine yote nitakayosema kuhusu begi yanatoka hapo.

Sasa mimi ni mtu wa Marangu, kabla ya kuja huku nimepanda mlima Kilimanjaro miaka sita kama mgumu, yani mbeba mizigo wa watalii. Kwa hiyo waliponiambia kuwinda muusi kazi yake ni kubeba, nilicheka. Mlimani mzigo unapimwa getini, mwisho kilo 20, unauweka kichwani na kibegi chako mgongoni unapanda unapiga stori. Nikasema mimi na mzigo tunajuana. Nikaagiza begi mtandaoni, lita 75, dola 90, kampuni siitaji, lina mifuko kumi na nne na kifuniko cha mvua cha bure. Nikalijaza nguo na slipingi begi pale sebuleni, limekaa kama nimezaliwa nalo.

Tukatoka Lake Hood hapa Anchorage, mimi na mzee mmoja tunafanya naye kazi, mzaliwa wa huku. Yeye kaja na fremu ya aluminiamu tupu, mabomba yamechomelewa, rangi imebabuka, begi hana, vitu vyake kavitia kwenye mfuko wa mpira akaufunga kamba juu ya ile fremu. Nikamwonea huruma, nikajisemea huyu maskini wa watu maisha yamempiga.

Siku ya nne asubuhi tukaangusha dume. Kutoka lilipolala mpaka ziwani kilomita mbili kasoro kidogo. Hapo ndo kosa la kwanza lilifanyika ila nilikuwa sijui bado. Kuchuna na kukata watu wawili masaa sita. Tripu ya kwanza nikabeba sarara na shingo nusu, kama kilo 25, safi kabisa. Tripu ya pili nikachukua mkono mmoja wa mbele na mfupa wake, mzee akauangalia akasema ratili 90. Kilo 40 hizo. Aisee. Lile bapa la plastiki lililoko ndani ya mgongo wa begi likajikunja kama chapati, mkanda wa kiunoni ukateleza mpaka makalioni, uzito wote ukahamia mabegani, baada ya mita kama mia tatu vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi, nikawa navitikisa havisikii, mara nasikia trrrrr. Ushono wa bega umeachia.

Nikasema kwani mimi si mgumu? Nikavua shati nikasokota ngata, nikajitwisha mkono wa muusi kichwani kama ndoo. Sasa ardhi ya kule bwana, sio njia ya Mandara ile ya Kilimanjaro. Ni matuta ya nyasi, kila moja limesimama kama kichwa cha mtu mwenye afro, ukikanyaga juu linatikisika, ukikanyaga katikati unazama kwenye tope la baridi mpaka goti. Hatua ya nane tu mguu ukaingia katikati, mwili ukashuka, kilo 40 ziko juu ya kichwa, shingo ikalia ka! Nikadhani nimekwisha. Mzee alikuwa nyuma yangu, hakucheka, na hiyo ndo iliniuma zaidi. Akasema rudi kambini kachemshe maji. Tulipokezana ile fremu yake ya mabomba siku mbili na nusu, mmoja anabeba mwingine anakaa na bunduki kulinda nyama, maana dubu hawana dogo kule.

Kwa hiyo mdau uliyeniuliza, jibu langu ni hili: usichague begi la kwendea, chagua la kurudia. Kwenda unabeba hema na nguo, hata kiroba kinafika. Kurudi unabeba paja.

#2 Baridi Bingwa

Mkuu ni mimi niliyeuliza, nipo Fairbanks mwaka wa tatu sasa. Nimecheka ya ngata ila roho inaniuma maana nililoweka kwenye kikapu cha mtandaoni ni lita 75 vilevile daah. Sasa nichukue fremu ya nje kama ya mzee au haya ya kisasa?

#3 Wa Eldy

Maze huyu mzee wa mabomba ni legendi. Sisi Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 kwa hivyo kwetu hii ni stori tu, lakini endelea bana, nimeleta kiti.

#4 Mgumu Mstaafu

Baridi Bingwa, toa hilo kwenye kikapu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Kuna makundi mawili. La kwanza ni fremu ya nje ya mabomba, wenyewe wanaita ya mizigo. Faida zake, unafunga kitu chochote cha umbo lolote, paja zima na mfupa wake linakaa, kuna kirafu chini kinazuia lisishuke, hewa inapita mgongoni, na bei haitishi, ukipata iliyotumika ndo kabisa. Ubaya wake inapiga kelele kwenye vichaka, mabomba yananasa matawi ya mierebi kila hatua tano utadhani kuna mtu anakuvuta shati, na kuzunguka nayo siku nzima unatafuta mnyama ni adhabu.

La pili ni haya ya kisasa, fremu ya kaboni au aluminiamu imefichwa, inakaa karibu na mwili, halafu lile begi lenyewe linaachana na fremu. Unalegeza mikanda, begi linarudi nyuma, nyama unaiweka katikati ya begi na fremu, unakaza. Hapo ndo siri ilipo. Nyama inagusana na fremu karibu na mgongo wako, vitu vyepesi vinabaki nje. Begi la kupandia mlima la kawaida halina hiyo nafasi, nyama inaingia ndani inazama chini kama mtoto mgongoni amelala, inakuvuta kwa nyuma na damu inaloanisha kila kitu. Stone Glacier wanayo, Exo wanayo, Mystery Ranch wanayo, na kuna kampuni ya Marekani inaitwa Kifaru, ndio, kifaru wetu kabisa, nilipoliona jina nilidhani Mtanzania kafungua duka. Haya yote mapya ni dola mia sita mpaka mia tisa hivi, inategemea saizi. Najua ni hela. Mimi nililipata mkononi kwa mtu aliyefanyiwa opareshini ya goti, nikalipa nusu.

Sasa ukubwa. Watu wanabishana lita 60 au 100. Mimi nasema lita sio kitu ukishakuwa na fremu, nyama haikai ndani ya begi. Cha kuangalia ni urefu wa fremu na mkanda wa kiunoni. Fremu ifike juu ya bega, inchi 24 mpaka 26 kwa mtu wa kimo cha kawaida, ili zile kamba ndogo za juu ya mabega ziwe na pa kuvutia, zipande kuelekea kwenye fremu kama paa la nyumba. Zikiwa zimelala bapa, fremu ni fupi kwako, uzito utakukaa begani hata ukaze vipi.

Namna ya kujipima: inamisha kichwa, kuna mfupa unatokeza mwanzo wa shingo, mwambie shemeji aweke kidole pale. Halafu shika nyonga zako kwa mikono miwili kama mama anayegombeza mtoto, pale vidole gumba vinapokutana nyuma ndo mwisho. Kati ya hizo sehemu mbili ndo urefu wa mgongo wako. Usitumie urefu wako wote, mimi na mdogo wangu tunalingana kimo lakini mgongo wake mfupi, yeye ni miguu tu.

Mkanda wa kiunoni ukae JUU ya mfupa wa nyonga, uukumbatie, sio kwenye tumbo na sio kwenye makalio. Ukiukaza vizuri unaweza kupitisha kiganja chini ya mikanda ya mabega mzigo ukiwa mgongoni. Hili ndo lilinigharimu miezi kulielewa, maana sisi tumezoea uzito ushuke kupitia shingo na uti wa mgongo. Huku uzito unashukia kwenye nyonga na miguu, shingo inabaki huru, unaangalia unapokanyaga.

#5 Bibi Kaskazini

Nawasoma nikiwa Sweden nabaki kuwashangaa 😂 Huku mnyama ni huyohuyo ila wetu mdogo kidogo. Kaskazini wanaanza Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kusini wanasubiri Oktoba, na wanawinda kwa timu, kila mtu kapangiwa pa kukaa, mbwa ndo anamtafuta. Akianguka inakuja pikipiki ya magurudumu manne inamburuta mpaka kwenye kibanda cha kuchunia, kuna ndoano, kuna maji, kuna kahawa. Baba mkwe wangu ana miaka 74 na bado yumo. Begi lake lina mkate na chupa ya chai basi. Nyie mnajitesa.

#6 Mgumu Mstaafu

Bibi wewe umeolewa pazuri, tuache sisi. Huku barabara hakuna, kuna ziwa, ndege inakushusha inaondoka, ukimya unaanza kupiga kelele masikioni.

#7 Mwana Bukavu

Bandugu, siye huku Maine ni bahati nasibu, unaomba kibali kila mwaka unangojea jina litoke. Rafiki yangu alipata, waliangusha karibu na barabara ya magogo, wakavuta na winchi ya gari. Mambo ya ndege siwezi.

#8 Abu Karafuu

Asalaam aleykum. Naomba kuuliza, je upande wa halali ikoje kwa mnyama wa risasi? Na sheria za huko mgeni anaruhusiwa? Nipo Muscat ila nina ndugu Anchorage ananiita kila mwaka.

#9 Mgumu Mstaafu

Wa aleykum salaam sheikh. La halali mimi Mlutheri nitakudanganya, ila nina rafiki Mwislamu tunawinda naye, anasoma bismillah kabla ya kufyatua, na akimkuta bado ana uhai anamchinja fasta. Muulize imamu wako.

La sheria nalijua. Ukishaishi Alaska miezi 12 mfululizo na ndo kwako, unakata leseni kama mkazi hata kama si raia wa Marekani. Lakini mgeni kutoka nje asiye raia wa Marekani, mnyama yeyote mkubwa lazima awe na gaidi mwenye leseni, sio ndugu, na gaidi wa muusi mara nyingi ni zaidi ya dola elfu ishirini. (Gaidi wa kuongoza, msije mkanireport.) Kwa hiyo sheikh njoo uwe unabeba nyama, tutakupa paja.

Na zingine za kuziweka kichwani kwa sababu zinagusa begi moja kwa moja. Ukiruka na hizi ndege ndogo huruhusiwi kuwinda siku hiyohiyo, mpaka saa 9 usiku kuamkia kesho yake. Siku ya kwanza itumie kutengeneza kambi na kuseti begi lako. Pili, nyama yote inayolika lazima itoke, mapaja, mikono, mbavu, shingo, kidari, nyama ya uti wa mgongo, sarara. Kuiacha ni kosa la jinai, sio la kuombana radhi. Na pembe zinatoka MWISHO, huruhusiwi kubeba pembe wakati nyama bado iko porini. Tatu, baadhi ya maeneo nyama ya mapaja, mikono na mbavu lazima itoke na mifupa yake, kwa hiyo wale mnaosema nitaitoa mifupa nipunguze uzito, soma kwanza kitabu cha kanuni za eneo lako. Paja la nyuma na mfupa linaweza kuwa kilo 50 na zaidi. Hapo ndo utajua kwanini mzee alikuja na mabomba.

#10 Baridi Bingwa

Sasa mkuu mi nitabebaje kilo 50? Nina kilo 68 mwili mzima na nikishiba.

#11 Mgumu Mstaafu

Hubebi. Kama kanuni inaruhusu toa mfupa ubebe nusu nusu, kama hairuhusu ndo unatafuta mwenzako mwenye kifua umpe paja wewe ubebe mbavu na shingo. Kwa mwili wako kilo 30 kila tripu inatosha, ongeza tripu. Asikudanganye mtu wa video, wale wanabeba mita mia kamera ikizima wanatua.

Ngoja nikupigie hesabu. Na mifupa tuseme kilo 300. Mko wawili, kila mmoja kilo 150. Mkibeba 38 kwa 38 ni tripu nne, ya tano ni pembe na vifaa. Umbali kilomita 2. Kwenda na mzigo mara tano kilomita 10, kurudi mtupu mara nne kilomita 8, jumla 18 kila mtu, kwenye yale matuta ambayo kilomita moja na mzigo inakula saa nzima. Sasa rudia hiyohiyo mnyama akiwa nusu kilomita kutoka majini. Kilomita nne na nusu. Umeona? Ndo maana mzee ana msemo wake, akiona dume zuri mbali anatoa darubini anaangalia dakika kumi halafu anasema "huyo ni wa mtu mwingine". Siku zile nilimsukuma mimi, nikasema si pale tu.

Na madume Septemba inavyozidi kwenda yanatafuta majike, ukiita kwa sauti ya jike au ukikwangua mti na mfupa mkavu wa bega yanakuja yenyewe. Kaa karibu na ziwa umwite. Aje na miguu yake minne, usimfuate na yako miwili.

#12 Mzee wa Jeti

Naona watu wanatishana bure. Mimi na shemeji zangu tunashuka mto Tanana kwa boti la jeti, tunapiga dume likiwa ukingoni, tunakata tunatupia kwenye boti. Begi langu ni lile la shule la mwanangu. Ndege ya nini?

#13 Mgumu Mstaafu

Mzee wa Jeti mwenye boti hajui adha ya mwenye miguu. Ila ni kweli, mwenye uwezo wa boti atumie boti. Na likiangukia ndani ya maji je? Maana nimesikia mtu kachuna dume amesimama kwenye maji ya barafu mpaka kiunoni.

#14 Mzee wa Jeti

Hapo umenigusa penyewe, 2019 ilitukuta. Sitaki kuongelea.

#15 Baridi Bingwa

😂😂 Mkuu endelea, vifaa vingine je? Rubani wetu katupa kilo 30 kila mmoja bila kuhesabu bunduki.

#16 Mgumu Mstaafu

Kilo 30 zinatosha ukiwa na akili, zinaisha ukiwa na woga. Watu wanafunga woga wao kwenye begi, anayeogopa baridi ana majaketi manne, anayeogopa njaa ana mikebe ya maharage.

Nguo kwanza. Pamba acha nyumbani, jinzi, fulana, soksi za pamba, zote. Mvua ya kule sio kubwa ila haiishi, ni manyunyu siku tatu, na pamba ikilowa haikauki inakunyonya joto mpaka utetemeke na nyuzi joto zikiwa juu ya sifuri. Chukua sufu ya merino seti mbili tu, moja ya kutembelea na moja ya kulalia ambayo HAITOKI kwenye slipingi begi, hata kama aliyeko nje ni rais. Jaketi la joto mimi nachukua la nyuzi za kutengenezwa badala ya manyoya ya bata, maana manyoya yakilowa yanakuwa kama kuku aliyenyeshewa. Renikoti chukua ya mpira ile ya wavuvi. Yale ya kisasa yanayopumua ni mazuri ila kwenye vichaka yanachanika, na siku ya tatu ya manyunyu yanaacha kupumua yanaanza kukunywesha.

Miguuni ndo kuna ubishi. Wengine buti la ngozi refu, wengine gambuti la mpaka pajani. Mimi kwa maeneo ya maziwa navaa gambuti la mpaka pajani, lile linalobana kifundoni maana lililolegea tope litalivua libaki nalo. Na fimbo mbili za kutembelea, hizi usiulize. Pale nilipoingia kwenye tuta ningekuwa na fimbo nisingeanguka. Zinasaidia na kuinuka: unakaa chini mgongo umeegemea mzigo, unavaa mikanda, unajiviringisha unapiga magoti, unaweka mguu mmoja, unajisukuma na fimbo. Usijaribu kujitwisha ukiwa umesimama, kiuno kitakuuliza.

Kuchinja na kukata: visu viwili, kimoja cha wembe wa kubadilisha na kimoja kigumu cha kawaida, kinoleo kidogo, msumeno wa mfupa kwa ajili ya mbavu na fuvu. Kamba nyembamba nyingi, mita 60 sio nyingi, ukiwa peke yako kamba ndo inakushikia mguu wa mnyama wakati unachuna. Mifuko ya nyama minane mpaka kumi, ya kitambaa kinachopitisha hewa. Narudia, KITAMBAA. Usiweke nyama ya moto kwenye mfuko wa plastiki, itaoza kuanzia kwenye mfupa kabla hujafika ziwani. Vua ngozi haraka, tundika ipate upepo, turubai juu yake liwe kama paa, lisiguse nyama. Mzee anapuliza maji yenye asidi ya ndimu, ya unga ile ya dukani, nzi hawataki kutua. Mapema Septemba nzi bado wapo msidanganywe na baridi ya asubuhi.

Nyama isikae na utumbo. Siku ileile isogezeni mita mia hivi kutoka ulipo utumbo, pahali peupe ambapo ukirudi unaweza kupaangalia na darubini ukiwa mbali kabla hujasogea. Dubu akishaimiliki usibishane naye. Kambini nyama isilale karibu na hema. Kopo la kupuliza pilipili la kufukuzia dubu mwambie rubani mapema, kwenye ndege za abiria haliruhusiwi kabisa, hizi ndogo wanalitia ndani ya maboya likipasuka lisimpofue anayeendesha. Mimi la kwangu lilikuwa mfukoni nikamwambia tukiwa tumeshapanda, alinitazama nikajisikia mtoto.

Kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe, Garmin inReach au kingine, na pawabenki uilale nayo, baridi inaua betri. Chakula ongeza cha siku nne juu ya mpango wenu. Ukungu ukilala kwenye milima ndege haiji, na rubani akisema haji msimlaumu. Sisi tulisubiri siku tatu, siku ya tatu tunakula maini ya muusi asubuhi mchana jioni, bila chumvi maana chumvi nilisema ni uzito.

#17 Wa Eldy

Umeacha chumvi ukabeba begi la mifuko kumi na nne? Ghai.

#18 Mgumu Mstaafu

Usinikumbushe.

#19 Bibi Kaskazini

Nimemsomea mume wangu ya ngata kwa Kiswidi, amecheka mpaka baba mkwe kauliza kuna nini. Mzee anasema huyo wa mabomba amwandikie barua.

#20 Baridi Bingwa

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimepata lililotumika, la fremu ya kaboni, dola 380, jamaa anahamia Arizona. Nikafanya jaribio, nimetia mifuko miwili ya unga wa kilo 11 na madumu ya maji mpaka kilo 35, nimepanda na kushuka ngazi za apartimenti yetu ghorofa tatu kwa dakika 40. Jirani kaniuliza kama nahama. Tatizo ni moja, dakika ya ishirini mkanda ukaanza kuteleza na bega la kulia likaanza kuwaka. Nimekosea kununua?

#21 Mgumu Mstaafu

Hujakosea. Maswali matatu. Unga uliuweka wapi, juu au chini? Mkanda uliukaza ukiwa umesimama au umeinama? Na zile kamba ndogo za juu zimepanda au zimelala?

#22 Baridi Bingwa

Unga chini maji juu. Niliukaza nimesimama. Kamba zimelala bapa kabisa.

#23 Mgumu Mstaafu

Basi geuza. Kizito kikae juu, usawa wa katikati ya mabega na kimegusa fremu, chini jaza mablanketi. Kabla ya kukaza inama mbele kidogo, inua mabega kama unasema sijui, mkanda ukae juu ya mfupa, kaza hapo, ndo usimame ushushe mabega. Na zile kamba kulala maana yake mabega ya begi yamefungwa juu mno kwenye fremu. Nyuma kuna velkro, ishushe inchi mbili. Usiogope kulifungua, hayo mabegi yameumbwa ya kuchokonoa. Toa na sweta uliyochomeka kwenye suruali, mkanda unateleza juu yake.

#24 Baridi Bingwa

Umejuaje nilivaa sweta?? Ok nimeshusha. Kamba zimepanda. Nimeweka unga juu. Ngoja nipande tena, jirani keshafungua mlango ananiangalia.

#25 Baridi Bingwa

Dakika 55. Bega kimya. Miguu ndo inalia sasa. Jirani anauliza begi bei gani.